Daktari Naye Apewe Kiti

Chumba cha matibabu ya meno kina viti viwili. Cha kwanza ni cha mgonjwa: kikubwa, kinapanda na kushuka kwa mota, kina taa juu na karai la kutemea pembeni, na siku kilipoingia hospitalini huenda viongozi walipiga picha wakiwa wamekizunguka. Cha pili ni cha daktari. Hicho kililetwa kama nyongeza ya kile kikubwa, au kiliazimwa mapokezi na hakikurudi. Ukingo wake umechanika ukazibwa kwa plasta ya vidonda, magurudumu yamejaa nyuzi na nywele, na silinda ya gesi inayopaswa kukishikilia juu imechoka. Daktari anaanza kuchonga jino akiwa ameketi vizuri. Robo saa baadaye amezama sentimita tatu, mabega yamepanda kufidia, na drili bado imo mdomoni mwa mtu.

Mara nyingi kiti hicho huhesabiwa kwenye fungu la samani, pamoja na meza za ofisi na makabati ya mafaili. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kiti anachokalia daktari anapoziba jino au kushona mshipa ni kifaa cha tiba, sawa na koleo na kisu. Kinastahili kuchaguliwa kwa makini yaleyale, kukaguliwa kwa ratiba ileile, na kutupwa kinapochakaa.

Anayedhani haya ni madai ya watu wanaopenda raha aangalie takwimu. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walikusanya tafiti zilizofanywa nchi mbalimbali kuhusu watu wa fani ya meno, wakakuta kwamba wenye maumivu ya misuli na mifupa walikuwa kati ya asilimia 64 na 93, kutegemea utafiti. Kwa madaktari wa meno, mgongo na shingo ndivyo vilivyoongoza. Upande wa upasuaji hali haina nafuu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA Surgery ulijumlisha tafiti 21 zenye madaktari 5,828. Kati ya wale waliopata matatizo ya viungo yatokanayo na kazi, asilimia 12 walilazimika kuchukua likizo, kupunguza au kubadili kazi, au kustaafu kabla ya wakati. Ni kama mmoja katika kila wanane.

Hesabu hiyo ihamishiwe kwetu. Shahada ya udaktari wa meno, Tanzania na Kenya, ni miaka mitano, halafu mafunzo ya vitendo, na anayetaka ubingwa anaongeza miaka mingine. Mkoa mzima unaweza kuwa unamtegemea bingwa mmoja wa upasuaji wa taya. Akianza kuona ganzi vidoleni kwa sababu ya shingo, wagonjwa wake hawana mwingine wa kumwendea, na hakuna fundi wa vifaa atakayekuja kumbadilishia pingili.

Tatizo linatokana na udogo wa mahali pa kazi. Mtu mzima akifungua mdomo sana, nafasi kati ya meno ya juu na ya chini hufika sentimita nne au tano. Humo ndani mna giza, mate, ulimi usiotulia na shavu linalotaka kurudi mahali pake. Gego la juu la mwisho liko nyuma ya vyote hivyo, na uso wake wa kutafunia unatazama chini. Daktari ambaye hakuzoezwa vizuri kufanya kazi kwa kutazama kiooni huinama, akapinda kiuno upande, akageuza shingo mpaka jicho lake lilione jino lenyewe. Kisha anabaki hapo. Kuinama kwa dakika moja hakumdhuru mtu mwenye afya. Kinachoumiza ni kule kubaki: misuli ya shingo na mabega ikikaza mfululizo hubana mishipa yake yenyewe, damu hupita kwa shida, uchovu hujilimbikiza, na mkono ulioshika drili huanza kutetemeka kidogo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Kikikaa wima juu ya mabega, mifupa hukibeba bila kelele. Kikiinamishwa mbele, misuli ya kisogo ndiyo inayokizuia kisianguke, na hapo hesabu hubadilika, sawa na ndoo ya lita tano ambayo kichwani inabebeka hadi nyumbani lakini kwa mkono ulionyooshwa mbele haimalizi dakika mbili. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alikokotoa kwamba kichwa kilichoinama kwa nyuzi 60 huielemea shingo kwa uzito wa kilo 27 hivi. Yalikuwa makadirio ya kompyuta, hayakupimwa kwenye shingo ya mtu hai. Hata hivyo daktari wa meno aliyemaliza zamu yenye foleni ndefu hahitaji kompyuta kumthibitishia.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kusimama. Mwaka 1871 Mmarekani James Beall Morrison alipata hataza ya drili ya meno inayoendeshwa kwa kanyagio, na daktari akawa anashinda amesimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukikanyaga. Mgonjwa aliketi wima, daktari akamzunguka. Umeme ulikuja, kanyagio likaondoka, daktari akaendelea kusimama. Mambo yaligeuka mwaka 1957 ilipoingia sokoni drili ya upepo inayozunguka mara 300,000 hivi kwa dakika. Drili hiyo hupata moto, kwa hiyo humwagiwa maji. Maji lazima yafyonzwe. Anayefyonza ni msaidizi. Na msaidizi naye anahitaji kuona. Njia rahisi ya kuwapa watu wawili nafasi juu ya mdomo mmoja ilikuwa kumlaza mgonjwa chali, kisha wote wawili wakaketi.

Aliyelifikiria jambo hili kwa undani kuliko wengi ni Daryl Beach, daktari wa meno wa Kimarekani aliyefanya kazi Japani. Wenzake walianza na mashine, halafu wakamtafutia daktari pa kujibana. Beach alianza na mwili wa daktari. Alimketisha mtu, akamwambia afumbe macho, anyooshe mgongo, alegeze mabega, kisha alete vidole vyake mahali ambapo angependa kushika kitu kidogo cha kufanyia kazi. Vidole vilipokutana, hapo ndipo mdomo wa mgonjwa ulipopaswa kuwa. Kutokana na mtazamo huo, mwaka 1964 kampuni ya Morita ilitoa kiti cha Spaceline: mgonjwa amelala bapa kabisa, daktari ameketi nyuma ya kichwa chake, vifaa viko karibu na mkono. Wazo hilo lina miaka zaidi ya 60 na bado liko mbele ya kliniki nyingi, kwa kuwa mpaka leo daktari ndiye anayeufuata mdomo wa mgonjwa, badala ya kuuleta mdomo huo kwake.

Basi madaktari wakaketi, na maumivu hayakwisha. Yalihama, yakatoka miguuni yakapanda kiunoni na shingoni. Sababu mojawapo ni kwamba kuketi kwenyewe kuna namna yake, na kiti bapa cha kawaida kinamlazimisha mtu kwenye namna mbaya. J. J. Keegan, daktari wa upasuaji wa Omaha, Marekani, alipiga picha za eksirei za watu wakiwa katika mikao tofauti, akachapisha matokeo mwaka 1953. Alionyesha kwamba kiuno hubaki na mbonyeo wake wa asili pale ambapo kiwiliwili na mapaja vinaachana kwa pembe pana, nyuzi 135 hivi. Ukiketi kwa pembe mraba, nyonga hujikunja kadiri inavyoweza, na sehemu iliyobaki inatolewa na kiuno, ambacho hujiviringa kuelekea nyuma. Ongeza hapo kuinama juu ya mgonjwa, na mzigo wote unaishia kwenye pingili za chini.

Habari hiyo ilimfikia daktari mwingine wa upasuaji, Aage Christian Mandal wa Copenhagen, ambaye miaka ya 1970 aliacha kuwaangalia wagonjwa peke yao akaanza kuwaangalia wanafunzi. Aliwapiga picha wakiwa kwenye mtihani wa saa kadhaa. Hakuna aliyeketi kama vitabu vya adabu vilivyoagiza. Waliinua miguu ya nyuma ya viti, wakaegemea ya mbele, viti vikainama, nao wakapata unafuu. Walimu walikuwa wakiwakemea miaka yote kwa tabia hiyo. Mandal alisema watoto wako sahihi, kitako cha kiti ndicho kinachopaswa kuinamia mbele, na meza iwe juu zaidi.

Watu wa Nordiki walilichukua wazo hilo kwa bidii. Mbunifu wa Norway Peter Opsvik, akiwa amevutiwa na mkao wa mpanda farasi, alitoa kiti cha Capisco mwaka 1984. Finland ikaleta viti vya tandiko vilivyogawanyika katikati chini ya jina la Salli, na Australia ikawa na Bambach. Juu ya tandiko mapaja huteremka na kutanuka, nyonga hufunguka, mgongo hujisimamisha bila kulazimishwa. Kuna faida nyingine ambayo matangazo huitaja kwa haraka, ilhali kwa daktari wa meno ndiyo kubwa: magoti yakishuka, hayagongi tena kiti cha mgonjwa, na daktari anasogea karibu na mdomo badala ya kuufikia kwa kuinama. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilichapisha jaribio dogo la wanafunzi 60 wa mwaka wa pili wa udaktari wa meno. Nusu yao walitumia tandiko la Bambach, nusu kiti cha kawaida, na mikao yao ikapewa alama kwa kipimo kinachotumika viwandani. Waliokalia tandiko walipata alama za hatari ndogo zaidi.

Hapa panahitaji tahadhari, kwa sababu wauzaji wa viti wana ulimi mtamu. Kwa miaka mingi walijivunia vipimo vya Msweden Alf Nachemson, ambaye miaka ya 1960 aliingiza sindano ndani ya diski za uti wa mgongo na kusema kwamba kuketi kunazibana kuliko kusimama. Mwaka 1999 kundi la Hans-Joachim Wilke huko Ulm, Ujerumani, liliweka kipimo cha kisasa ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, na likakuta kwamba kuketi kwa kujilegeza hakukuzidi kusimama. Mtu mmoja si ushahidi wa kufunga mjadala, lakini ametosha kuwanyima wauzaji ile sentensi yao fupi. Jaribio la Birmingham nalo lilipima mkao wa wanafunzi. Halikuwafuata kwa miaka 20 kuona nani aliumwa.

Kwa hiyo tandiko si muujiza, na hospitali isiyo na mamia ya dola kwa kila kiti haijalaaniwa. Tena lina usumbufu wake ambao mtengenezaji wa Finland huenda hakuuwazia. Daktari aliyevaa sketi nyembamba au gauni refu hawezi kulikalia kwa heshima, na akilazimishwa atakaa ukingoni, upande upande, vibaya kuliko alivyokaa kwenye stuli ya zamani. Fani ya meno ina wanawake wengi siku hizi. Wengi wao pia ni wafupi kuliko mwanamume wa Ulaya ambaye silinda ya kiti ilikatwa kwa kumfikiria yeye: kiti kikiwa chini kabisa bado miguu yao inaning'inia, nao wanalazimika kukaa mbele, mgongo ukiwa mbali na egemeo ambalo hospitali ililipia. Dawa ya hilo ni silinda fupi, na watengenezaji wakubwa huziuza. Ila lazima mtu aziulizie kabla mzigo haujafungwa.

Madaktari wa upasuaji wana ugonjwa wa aina nyingine, nao ni wa desturi. Thieta ni mahali pa kusimama. Anayeketi anaonekana amechoka, na kuchoka mbele ya wanafunzi ni aibu ndogo isiyosemwa. Bingwa anasimama saa sita juu ya tumbo lililo wazi, mkuu wa idara anasimama naye, na mwanafunzi anayeshikilia ndoano ya kutanulia kidonda anajifunza kwamba kuumwa mgongo ni sehemu ya mshahara. Upasuaji wa matundu madogo ulipokuja, ulimhurumia mgonjwa tu. Daktari anashika vyuma virefu, mikono imeinuka, macho kwenye skrini ambayo mara nyingi imewekwa mahali palipopatikana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwahoji madaktari 317 wa upasuaji huo, na asilimia 87 walisema wana dalili au maumivu.

Roboti ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ilimketisha daktari katika upasuaji mkubwa wa tumbo. Ameketi pembeni, mikono imeegemezwa, anaendesha vyuma kwa mbali. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini ili kuona picha lazima aingize uso ndani ya kasha la mashine na kuinamisha shingo, naye hubaki hivyo kwa saa nzima. Mashine ya mamilioni ya dola imerudi kwenye kosa la stuli ya kliniki ya wilaya. Wajapani walijaribu njia nyingine: kampuni ya Nitto ya Yokohama pamoja na Chuo Kikuu cha Chiba walibuni Archelis, kiti kinachovaliwa miguuni, mtu akatembea nacho, ambacho kinajifunga goti linapokunjwa na kumruhusu daktari kuegemea huku bado yuko wima mezani. Ni kitu cha kuvutia. Katika chumba cha upasuaji cha Sumbawanga au Lodwar, hata hivyo, kiti cha kuegemea makalio chenye miguu mitatu kingefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kuna upasuaji ambao haufanyiki bila kuketi, na huo ndio unaopaswa kuzifungua macho hospitali zetu. Daktari wa macho anayetoa mtoto wa jicho huketi upande wa kichwa cha mgonjwa na kutazama kwenye hadubini. Mguu mmoja uko kwenye kanyagio la hadubini, wa kuisogeza na kurekebisha picha. Akitumia mashine ya kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, mguu wa pili uko kwenye kanyagio la mashine hiyo. Miguu yote miwili ina kazi, haibebi mwili. Uzito wote umo kitini. Kiti kikicheza, jicho la mgonjwa linajua, kwa kuwa kinachoshughulikiwa humo hupimwa kwa milimita na sehemu zake. Ubao wa kitanda nao ukiwa mnene, magoti ya daktari hayaingii chini yake, kwa hiyo anasogea nyuma na kunyoosha mikono kufikia jicho, egemeo la viganja likapotea. Sentimita nne za unene wa ubao zinaweza kuharibu siku nzima ya kambi ya macho.

Upasuaji wa fistula, yaani kuziba tundu linaloachwa na uzazi mgumu, ni mfano wa pili. Mgonjwa amelazwa chali, miguu imeinuliwa, kitanda kimeinamishwa upande wa kichwa, na daktari ameketi kwenye stuli akishona ndani, mahali penye nafasi finyu na mwanga wa kubahatisha. Upasuaji huu umefanywa kwa miaka mingi Dar es Salaam katika hospitali ya CCBRT na kabla ya hapo Addis Ababa, katika hospitali iliyoanzishwa mwaka 1974 na Catherine Hamlin na mumewe. Stuli isiyopanda na kushuka kwa kipimo humfanya daktari aombe kitanda kishushwe, mtaalamu wa usingizi akatae, na wakubaliane kwa shingo ya daktari.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa heshima. Wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja itawezaje kujadili kitako cha daktari? Muuguzi mkuu anayeuliza hivyo hakosei kuuliza. Jibu lipo, nalo lilipatikana hapahapa.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam walitafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Walianza kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, bila drili na mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha wakaziba kwa saruji ya meno. Njia hiyo ilienea duniani kwa jina la ART, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe Siku ya Afya Duniani, Aprili 1994. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya unafuu wa bei. Wachache wanakumbuka kwamba mwongozo wake unaelekeza pia jinsi ya kuketi: daktari akae imara kwenye stuli, mgongo umenyooka, mapaja yawe sambamba na sakafu, nyayo zote mbili zikanyage chini, na macho yawe sentimita 30 hadi 35 kutoka kwenye jino. Mgonjwa alale bapa, hata kama ni juu ya meza ya darasani, kichwa kikiwa kwenye kipande cha sponji.

Huo ni mpango kamili wa mahali pa kazi, umeandikwa kwa ajili ya shule ya msingi isiyo na umeme. Keegan angesema mapaja yateremke kidogo zaidi, na angekuwa na haki. Hata hivyo wale watu, wakiwa na meza na sponji, walipanga kwanza mwili wa mtabibu, kisha mgonjwa, kisha vifaa. Kliniki nyingi zenye kiti cha mota hazijafikia hapo.

Wala stuli yenyewe haihitaji kusafiri kwa meli. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa jua kali wa Nairobi wanaweza kutengeneza stuli ya chuma yenye skrubu nene katikati, inayopandishwa kwa kuzungushwa. Skrubu haivuji gesi na haishuki robo saa baada ya kuketi. Kitako kiwe na mteremko kidogo mbele, ukingo wa mbele uwe wa mviringo usiobana mapaja, ngozi ya plastiki iwe ya kipande kimoja bila mshono, ili isafishwe kwa dawa bila kuacha damu kwenye tundu la sindano. Miguu iwe mitano, isipinduke daktari anaposogea kwa nguvu. Kiwango cha kimataifa cha stuli ya daktari wa meno kipo, ISO 7493, kwa anayetaka kuandika vigezo bila kubuni. Kwa daktari wa macho au wa fistula, ambaye mikono yake ina kazi na imevaa glavu safi, skrubu haifai. Yeye anahitaji stuli inayopandishwa kwa mguu, na hapo ndipo fedha za kuagiza nje zielekezwe.

Kuketi pia kufundishwe, tena mwaka wa kwanza wa mazoezi, kabla shingo haijazoea. Mwanafunzi afundishwe kufanya kazi kwa kioo mpaka aache kukiogopa, amwombe mgonjwa ageuze kichwa badala ya kujigeuza yeye, na arekebishe stuli kila anapoipokea kwa mwenzake mrefu. Miwani ya kukuzia inasaidia pale tu inapokatwa kwa umbali na pembe ya mwenye nayo. Ya kuazima humvuta mtu chini zaidi. Kung'oa jino kufanywe kwa kusimama, kwa sababu nguvu inatoka miguuni, na kwa mtabibu wa hospitali ya wilaya ambaye wagonjwa wake wengi wanakuja kung'oa, kubadilisha kati ya kusimama na kuketi ni bahati asiyopaswa kuipoteza. Huko Mayo Clinic, Marekani, watafiti waliwajaribisha madaktari wa upasuaji kwa mapumziko ya dakika moja na nusu hivi, wakijinyoosha palepale mezani bila kuvua glavu, na operesheni hazikurefuka.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vinaendana na mwili na uwezo wa mfanyakazi. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa mwaka 1964 kuhusu maduka na ofisi, lilidai viti vya kutosha na vinavyofaa, na nafasi ya kuvitumia. Karani na muuza duka walikumbukwa zamani. Vyama vya madaktari, vinavyojua vizuri kudai posho ya zamu za usiku, havijasikika vikidai stuli.

Pengine vianze na kitu kidogo kinachoweza kushinda bila mgomo. Kila zabuni ya kiti cha mgonjwa itaje stuli ya daktari na ya msaidizi kwa mstari wake, bei yake na vigezo vyake, isifichwe kwenye neno "na vifaa vingine". Urefu wa chini na wa juu uandikwe kwa sentimita baada ya kuwapima watakaoitumia, akiwemo aliye mfupi kuliko wote. Vipuri, hasa silinda na magurudumu, viingie kwenye mkataba wa matengenezo. Na kabla afisa ugavi hajatia saini hati ya kupokea mzigo, daktari wa kitengo aikalie stuli hiyo kwa nusu saa, glavu mkononi, na mtu halisi akiwa amelala mbele yake amefungua mdomo.